Chenji ya Rada, Tunguu na Anga la Pemba

Usiku wa Juni 23, 2025, Iran iliporusha makombora kuelekea kituo cha kijeshi cha Marekani cha Al Udeid nchini Qatar, Wapemba hawakuzipokea habari zile kama habari za watu wa mbali. Wete, Chake Chake na Mkoani ni shida kupata ukoo usio na mtu Ghuba. Wapo waliohamia Muscat baada ya Mapinduzi ya 1964, na wajukuu wao leo ni raia wa Oman. Wapo vijana waliokwenda juzi tu Dubai, Abu Dhabi na Doha kutafuta riziki. Kombora likipita juu ya vichwa vyao, ni jamaa zetu wanaopitiwa.

Makombora ya Al Udeid karibu yote yalidunguliwa angani. Miaka mitatu na nusu kabla ya hapo, Januari 17, 2022, Wahouthi wa Yemen waliishambulia Abu Dhabi wakaua watu watatu, Wahindi wawili na Mpakistani mmoja, wahangaikaji wa kigeni kama wale tunaowaaga sisi bandarini na uwanja wa ndege. Siku hiyo mtambo wa Kimarekani uitwao THAAD ulidungua kombora katika vita halisi kwa mara ya kwanza. Mambo haya yakizungumzwa barazani, hakosi mtu wa kuuliza: na sisi je? Likija kwetu, nani atalizuia?

Suali hilo ni halali, lakini jawabu lake haliko kwa mafundi peke yao. Liko katika sheria. Nani anaamua mtambo gani uwekwe kulinda anga letu, kwa fedha za nani, na je, anayeishi chini ya anga hilo ameulizwa? Pemba ina sababu zake za kutaka kujua, na ya kwanza ni kongwe kuliko rada zote.

Si mbali na mji wa Chake Chake, pale Pujini, yapo magofu ya ngome ya Mkame Ndume, yenye boma la udongo, ya karne ya 15 hivi. Masimulizi ya kisiwa yanasema mtawala huyo aliwalazimisha watu wake wabebe mawe vichwani huku wakijikokota kwa makalio. Ukweli wa kila neno la kisa hicho tuwaachie wachimbuaji wa mambo ya kale. Linalonigusa mimi ni kuwa kumbukumbu ya Wapemba haikumtunza adui yeyote aliyekuja kuizingira ngome ile. Imewatunza waliobeba mawe.

Sasa tutazame namna taifa kubwa linavyojijengea ngome ya angani. Julai 22, 1999, Rais Bill Clinton alitia saini Sheria ya Ulinzi wa Taifa Dhidi ya Makombora. Ni sheria fupi mno. Ilitamka kuwa sera ya Marekani ni kuweka, mara teknolojia itakaporuhusu, mfumo wa kuilinda nchi nzima dhidi ya shambulio dogo la makombora ya masafa marefu. Katika Seneti ilipita kwa kura 97 dhidi ya 3. Kikwazo kilikuwa mkataba wa mwaka 1972 baina ya Marekani na Umoja wa Kisovieti, uliokataza kila upande kujifunika ngao ya namna hiyo, kwa hoja kwamba mwenye ngao atashawishika kupiga kwanza na asiye nayo ataongeza makombora. Desemba 2001 Rais George W. Bush alitangaza kujitoa, na Juni 2002 mkataba ukafa. Mwaka 2004 makombora ya kuzuia yakaanza kuingizwa katika mashimo yake Fort Greely, Alaska. Mwishoni mwa mwaka 2016 Bunge la Marekani liliondoa katika sera ile kikomo cha shambulio dogo. Januari 2025 Rais Donald Trump alitoa amri ya kujenga ngao kubwa zaidi, yenye silaha zinazozunguka angani, na miezi minne baadaye akasema itagharimu dola bilioni 175.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Setilaiti huona joto la kombora linapoondoka ardhini. Rada hulifuata, kompyuta hukadiria litakapofika, kisha kombora la kuzuia hurushwa ili vigongane juu kabisa, kila kimoja kikienda mwendo wa maelfu ya kilomita kwa saa. Adui naye ana hila. Kule juu pasipo na hewa, puto jepesi husafiri sawasawa na kichwa cha kombora, kwa hiyo akiachia maputo kumi yenye umbo moja na silaha yake, mlinzi hajui apige lipi. Katika majaribio ya mfumo wa Alaska, ambayo hupangwa na wenye mfumo wenyewe, yaliyofaulu ni zaidi kidogo ya nusu.

Hilo ni taifa tajiri kuliko yote duniani. Kwa hiyo mtu akisema Tanzania nayo inunue ngao dhidi ya makombora, mimi nitamuuliza kwanza tunatishwa na kombora la nani. Majirani zetu hawana makombora ya masafa marefu. Tishio ambalo nchi hii ililiona kwa macho lilikuwa la ndege, na funzo lake bado halijasimuliwa vya kutosha kwa vijana.

Katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Jeshi la Wananchi lilikuwa na makombora ya kubeba begani ya kudungulia ndege, na yalilifanyia kazi nzuri dhidi ya ndege za Idi Amin wa Uganda. Lakini huko Musoma walinzi wetu wa anga walizidungua ndege za kivita za Tanzania yenyewe, wakidhani ni za adui. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22, iliyotumwa na Muammar Gaddafi kumsaidia Amin, ilikwenda kuipiga Mwanza. Mabomu yakakosa mji, yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama wa hifadhi. Mwanza ilisalimika kwa sababu adui hakulenga vizuri, na ndege zetu zilipotea Musoma kwa sababu aliyekuwa chini hakuweza kumtambua aliyekuwa juu.

Tunaoishi visiwani hatuna budi kulitia akilini hilo la Musoma. Ndege ndogo za abiria zinazotua uwanja wa Pemba hupita chini juu ya mkondo kila siku, kutoka Unguja, Tanga na Dar es Salaam, zikiwa na wagonjwa, wanafunzi na wafanyabiashara. Manowari ya Marekani Vincennes ilikuwa na mitambo bora ya zama zake ilipoidungua ndege ya abiria ya Iran Julai 3, 1988, watu 290 wakafa. Iran nayo, Januari 8, 2020, iliidungua ndege ya Ukraine iliyokuwa ndiyo kwanza inaruka kutoka Tehran, wakafa 176. Mtambo wa kuzuia usio na utambuzi wa uhakika na usio na sheria inayosema nani atoe amri na lini, ni hatari kwa mwenye nao kabla ya adui.

Haya ya kuulizwa na kutoulizwa Zanzibar iliyaonja mapema. Oktoba 1960 Uingereza na Marekani zilikubaliana kujenga kituo cha kufuatilia vyombo vya angani huko Tunguu, Unguja. Walioafikiana ni London na Washington. Kilikuwa kimoja katika mlolongo wa vituo vilivyoizunguka dunia kwa ajili ya Mradi wa Mercury, wa kumpeleka Mmarekani katika anga za juu. Chama cha Hizbu kilikipinga hadharani. Watu mitaani walisema ni kituo cha makombora na kwamba vita vya wakubwa vikizuka, Zanzibar itapigwa kwanza. Wakubwa wa kikoloni wakajibu kuwa huo ni ujinga, kituo ni cha sayansi na amani.

Tuwatendee haki wazee wetu wale. Februari 20, 1962, mwanaanga wa Marekani John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu na kuzungumza na kituo cha Zanzibar alipokuwa akipita, chombo chake kilikuwa kimerushwa kwa roketi ya Atlas. Atlas ilitengenezwa kwanza kuwa kombora la kubeba bomu la nyuklia kutoka bara hadi bara. Kituo cha Tunguu hakikuwa na silaha, hilo ni kweli. Lakini mtu wa Tunguu aliyeshuku kuwa sayansi ile na vita vile ni watoto wa baba mmoja alikuwa ameona sawasawa. Antena inayofuatilia chombo cha mwanaanga haina tofauti kubwa na ile inayofuatilia kombora, na mpaka leo mitambo ya angani hubeba kazi mbili kwa jina moja.

Na angalieni miezi yenyewe. Januari 1961, wakati makubaliano ya Tunguu yana miezi mitatu tu, Zanzibar ilipiga kura. Jimbo la Chake Chake lilichukuliwa na chama cha ASP kwa kura moja, na kwa kura hiyo moja ASP ikapata viti 10 dhidi ya 9 vya Hizbu na 3 vya chama cha ZPPP. Mpemba mmoja tu wa Chake Chake alitosha kugeuza hesabu ya nchi nzima. Kuhusu kituo kile hakuulizwa yeye wala mwenziwe yeyote, kwa kuwa ulinzi na mambo ya nje havikuwa mikononi mwa aliyekwenda kumchagua.

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliyamaliza mambo ya Tunguu kwa haraka. Siku ya pili yake manowari ya Marekani Manley iliwaondoa Wamarekani wengi waliokuwapo Unguja, na baadaye serikali ya Rais Karume ikataka kituo kiondolewe. Mwaka huohuo kikavunjwa, kazi yake ikahamishiwa Madagascar. Balozi mdogo wa Marekani aliyekuja wakati huo, Frank Carlucci, alifukuzwa Januari 1965, baada ya mazungumzo yake ya simu na mwenzake wa Dar es Salaam kusikilizwa na kufasiriwa kuwa ni njama. Miaka 22 baadaye Carlucci alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, na miongoni mwa kazi alizozikuta mezani ni mpango wa Ronald Reagan wa kuweka ngao ya makombora angani, mpango uliozaa fikra ya sheria ile ya 1999. Nakitaja kisa hiki kwa sababu wapo wanaodhani siasa za makombora na visiwa vyetu havijawahi kujuana.

Kuna somo jingine, la karibu zaidi, na wengi wetu tunalikumbuka kwa jina la chenji ya rada. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali iliazimia kununua rada kutoka kampuni ya Uingereza ya BAE Systems kwa pauni milioni 28. Benki ya Dunia ilisema bei ni kubwa mno. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilisema mtambo ule ulibuniwa zaidi kwa shughuli za kijeshi na kwa kazi ya kuongoza ndege za kiraia haukutosheleza. Ndani ya serikali ya Uingereza Clare Short, waziri wa misaada, alipinga wazi. Tony Blair akaruhusu, na Desemba 2001 kibali cha kuuza kikatoka. Hapa nyumbani watetezi wa ununuzi walitumia hoja ambayo hunitia hofu kila ninapoisikia: hili ni suala la usalama wa taifa.

Wachunguzi wa Uingereza wakaja kubaini kuwa zaidi ya dola milioni 12 zilikuwa zimelipwa kwa wakala. Desemba 2010, katika mahakama ya Southwark mjini London, BAE ilikiri kosa la kutotunza hesabu sawasawa. Ikatozwa faini ya pauni 500,000 na kukubali kuwalipa Watanzania pauni milioni 29.5. Fedha zilipofika mwaka 2012 zilikuwa shilingi bilioni 72 na ushei, na zikapangiwa vitabu na madawati ya shule za msingi. Mwaka 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilisaini mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa wa kununua rada nne, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa bilioni 67 hivi. Yaani chenji tuliyorudishiwa ya rada moja ilipita bei ya rada nne.

Jambo hilo linanikera hadi leo. Halikufichuliwa na Bunge letu, lilifichuliwa na wapelelezi na mahakama ya nchi iliyotuuzia. Na lina upande wa Zanzibar ambao haukuzungumzwa kwa upana unaostahiki. Ulinzi ni jambo la Muungano, na usafiri wa anga ni wa Muungano. Elimu ya msingi si ya Muungano. Deni la rada liliingiwa kwa jina la Jamhuri nzima, nasi Wapemba tukiwamo, kisha chenji yake ikaingizwa katika madarasa. Mtoto wa Micheweni aliyekuwa akikaa sakafuni alikuwa na haki ya kuambiwa kwa hesabu ya wazi fungu lake liko wapi.

Hapa ndipo tunapofika kwenye sheria zetu wenyewe. Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inaweka ulinzi na usalama miongoni mwa Mambo ya Muungano, na Ibara ya 147 inamkataza mtu au kikundi chochote kuunda jeshi isipokuwa Serikali ya Muungano. Jeshi la Wananchi, lililoundwa Septemba 1, 1964, linaendeshwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966. Zanzibar ina vikosi vyake maalumu, na Mpemba yeyote anawajua KMKM, ambao boti zao huwinda magendo ya karafuu yanayovushwa kwenda Kenya. Lakini hao si jeshi na anga si lao. Kwa hiyo iwapo siku moja itatakiwa sheria, mkopo au ununuzi wa mfumo wa kuzuia makombora, ndege au droni, mahali pa kuamuliwa ni Dodoma. Sauti ya Pemba itakuwa ni ya wabunge wake na ya wale wanaotumwa na Baraza la Wawakilishi, basi.

Chukwani nako, kwenye Baraza la Wawakilishi, kuna mlango mmoja ambao hautumiki inavyopasa. Ibara ya 132 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 inataka sheria ya Bunge inayohusu Mambo ya Muungano iwasilishwe na waziri anayehusika mbele ya Baraza la Wawakilishi. Wawakilishi hawawezi kuandika sheria ya ulinzi, lakini wanaweza kuuliza, na maswali yao yakaandikwa.

Simaanishi kuwa jeshi litoe siri zake hadharani. Idadi ya makombora, mahali yalipo na masafa yake, hayo yabaki kwa makamanda. Lakini bei si siri ya vita. Jina la muuzaji si siri ya vita, wala masharti ya mkopo, wala kanuni ya nani ana mamlaka ya kuamuru kitu kilichoko angani kidunguliwe wakati wa amani. Abu Dhabi imetuonyesha kuwa mitambo hii inaweza kuokoa roho za watu, nami siwezi kumwambia mwenye ndugu kule kuwa haina maana. Droni za bei nafuu nazo zimebadilisha vita: kombora moja la Patriot la kuzuia hugharimu dola milioni kadhaa, na droni linayoiangusha yaweza kuwa ya makumi ya maelfu tu. Upo uwezekano wa kweli kwamba nchi yetu itahitaji kinga ya bandari zake na mitambo yake ya gesi. Ndiyo maana nataka sheria itangulie muuzaji. Mara ya kwanza muuzaji ndiye aliyetangulia.

Kisha kuna kinga ambayo Tanzania imekuwa ikiijenga tangu zamani bila kununua hata bati. Mwaka 1971 nchi yetu ilisimama pamoja na Ceylon, Sri Lanka ya leo, kudai katika Umoja wa Mataifa kwamba Bahari ya Hindi itangazwe kuwa ukanda wa amani, na Desemba 16 mwaka huo Baraza Kuu likapitisha azimio hilo. Mwakilishi wetu New York alikuwa kijana wa Kizanzibari, Salim Ahmed Salim. Baadaye akawa Waziri wa Ulinzi, na alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakati Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulipotiwa saini Cairo Aprili 11, 1996. Tanzania iliuridhia mwaka 1998, na ukaanza kazi Julai 15, 2009.

Pelindaba ina tundu. Inamwachia kila mwanachama aamue mwenyewe kama ataziruhusu meli na ndege za kigeni kutia nanga, kutua au kupita. Mashariki ya Pemba, zaidi ya kilomita 3,000, kipo kisiwa cha Diego Garcia, ambacho wenyeji wake walihamishwa kwa nguvu kati ya 1968 na 1973 ili Marekani ijenge kituo, na leo kina darubini za kijeshi za kufuatilia vyombo vya angani pamoja na njia ya kurukia ndege kubwa za mabomu. Kazi ya Tunguu haikufa, imesogea mbele katika bahari ileile. Wakubwa wakijengeana ngao, wapinzani wao watatafuta njia za kuzikwepa, na bahari kubwa ni njia mojawapo.

Septemba 2019 Tanzania ilitia saini mkataba mpana zaidi, ule wa Umoja wa Mataifa wa kupiga marufuku silaha za nyuklia. Saini ni ya Serikali. Kuridhia, kwa Ibara ya 63 ya Katiba, ni kazi ya Bunge.

Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa wabunge wa Pemba, wa mikoa yote miwili na wa vyama vyote. Bajeti ya Wizara ya Ulinzi ikisomwa Dodoma, simameni mdai azimio la kuuridhia mkataba huo. Kisha daini kuwa kila ununuzi wa mtambo wa ulinzi wa anga upite kwanza, kwa bei na jina la muuzaji, mbele ya Kamati ya Nje, Ulinzi na Usalama, na hesabu zake zikaguliwe na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kabla ya malipo ya mwisho. Wananchi wa Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani nao wana la kufanya: mbunge akirudi jimboni, aulizwe alisema nini.